Hatua Mia Saba za Isyenge

Luka Silwimba hakuwa na gari. Hakuwa na kitambulisho cha askari, kwa kuwa alikirudisha siku alipostaafu, wala bastola, ambayo hata akiwa kazini aliibeba mara tatu tu. Hakuwa na cheti cha kidato cha nne. Hakuwa na barua ya kumtambulisha kwa mtu yeyote. Hakuwa na goti la kulia la kuaminika kwenye mteremko. Hakuwa na mkubwa wa kumpigia simu mambo yakiharibika, na simu yenyewe ilikuwa imepoteza mtandao tangu aliposhusha baiskeli yake kutoka juu ya basi. Zaidi ya yote hakuwa na muda. Ilikuwa Jumatano, saa moja kasorobo asubuhi, na kamati ya halmashauri ingekaa Ijumaa saa nne.

Alikuwa na daftari la kurasa mia, kalamu mbili, na saa ya mkononi aliyoilinganisha na redio kila siku alfajiri.

Shauri lilikuwa hivi. Mwaka uliopita halmashauri ilijenga njia ya miguu na baiskeli kutoka kijiji cha Isyenge, vilimani kwa Wandali, hadi njia panda ya misheni: kilomita sita za changarawe iliyoshindiliwa, mitaro pande zote, vidaraja vinne. Kabla ya hapo watu walishuka na mizigo yao kandokando ya barabara ya malori ya makaa ya mawe, na kila mwaka kulikuwa na msiba. Hatua ya pili ya mradi ingeifikisha njia hadi sokoni, ng'ambo ya mto, pamoja na daraja. Sharti lilikuwa moja tu: wapitao wafike mia mbili kwa siku.

Hesabu zikawa mbili. Chini, njia panda, Tulinagwe Swila alikaa kwenye benchi na daftari, akiandika kila aliyepita. Yeye alipata mia tatu na zaidi. Juu, mwanzoni mwa mteremko, kulikuwa na kifaa cha kuhesabia watu, chenye jicho, na kifaa kilipata sabini na tisa. Kati ya kifaa na benchi palikuwa na hatua mia saba, na ramani haikuonyesha njia nyingine. Afisa wa mradi akaandika kwamba Tulinagwe ameghushi takwimu. Ijumaa hatua ya pili ingefutwa, na Tulinagwe angekabidhiwa polisi.

Kaka yake, Lusubilo, ni mnunuzi wa parachichi pale Chapwa, Tunduma, mtaa wa pili kutoka kwa Luka. Alikuja kwa Luka, akakataa kiti. "Mzee Silwimba," alisema, "dada yangu hawezi kudanganya hata kwenye karata. Tunamfunga kila Krismasi."

Kwa hiyo Luka alikuwa Isyenge.

Afisa wa mradi aliitwa Sebastian. Alikuwa mgeni mkoani, miezi minne tu tangu ahamishwe, na viatu vyake vilikuwa bado vinang'aa. Alimkuta Luka mbele ya kifaa, anakitazama.

"Mzee wangu, umetumwa na nani?"

"Na mwenye mashtaka."

"Mwenye mashtaka ni halmashauri."

"Basi nimetumwa na yule mwingine."

Sebastian alicheka kidogo. "Karibu uangalie. Lakini nikuambie mapema usichoke bure. Mtu anaweza kuandika anachotaka. Kifaa hakina ndugu."

Kifaa kilikuwa boksi la kijivu juu ya nguzo ya chuma, urefu wa kiuno. Hatua tatu nyuma yake palikuwa na kibanda cha bati kisicho na kuta, na ndani yake kiti cha plastiki. Kwenye kiti aliketi mzee mrefu aliyevaa reflekta ya rangi ya machungwa juu ya koti la suti. Huyo ndiye mlinzi, Mzee Asajile Kibona. Alijibu salamu ya Luka kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu tangu asubuhi.

Luka aliomba kupita mbele ya jicho. Alipita mara ishirini. Tano kwa miguu, tano akisukuma baiskeli, tano akiipanda, tano ameinama kufikia kimo cha mtoto, jambo ambalo goti lake halikulisahau siku nzima. Sebastian alifungua kwa ufunguo wake kioo chenye namba. Ishirini kamili.

"Ufunguo uko mmoja?"

"Mmoja. Nalala nao."

"Mlinzi anaweza kukizima?"

"Hawezi. Kazi yake ni kisiibwe. Mkataba unasema asitoke zaidi ya hatua tano kutoka kwenye nguzo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Na hatoki, namsifu kwa hilo."

Luka akaandika: *Kifaa kizima. Mlinzi haondoki.* Akashuka na njia, akihesabu hatua. Mia saba na nne.

Tulinagwe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na penseli mbili zimechomekwa ndani yake. Alimpisha kwenye benchi na kuendelea kufanya kazi. Daftari lake lilikuwa na safu nne: wanaume kwa miguu, wanaume wa baiskeli, wanawake, watoto. Alipiga vijiti vinne na cha tano akakilaza.

"Wanakulipa kwa kichwa?" Luka aliuliza.

"Kwa siku, baba. Wakipita kumi au elfu, ni ileile."

"Kwa hiyo ungedanganya ili upate nini?"

"Ndilo nililomuuliza afisa. Akasema nataka daraja."

"Unalitaka?"

"Nalitaka sana. Ndiyo maana nahesabu vizuri."

Luka alipenda jibu hilo lakini hakuliandika. Alisema, "Basi tuhesabu wote wawili. Wewe usitazame langu, mimi nisitazame lako."

Walihesabu kuanzia saa mbili hadi saa tatu. Shule zilikuwa zimefungwa, hakupita mtoto hata mmoja. Wanaume wa miguu wanne. Wanaume wa baiskeli saba. Wanawake arobaini na sita, na mizigo yao: parachichi, viazi, maharage, mikungu ya ndizi. Madaftari yote mawili yalikuwa na hamsini na saba.

Akapanda tena hatua mia saba na nne. Sebastian alifungua kioo. Saa mbili hadi saa tatu: kumi na tatu.

"Umeona sasa?" alisema Sebastian.

"Nimeona. Wanaume kumi na mmoja, na watu wawili."

"Kifaa hakitofautishi mwanamume na mwanamke, mzee."

"Hakitofautishi. Lakini kinawaona wanaume wote. Sijawahi kukutana na mwongo anayedanganya kwa wanawake peke yao na kuwahesabu wanaume sawasawa."

"Kesho nina kikao mchana," Sebastian alisema, akifunga kioo. "Ushauri wangu, panda basi la jioni."

"Nitalipanda ukinionyesha wanawake arobaini na wanne wamelala wapi."

Alirudi kwenye benchi. Safari hii hakukaa.

"Tulinagwe, wanawake wanaingilia wapi?"

"Mimi nakaa huku chini, baba."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

"Yule mlinzi kule juu. Anaitwa nani?"

Penseli ilisimama. Tulinagwe alipindua ukurasa ambao haukuwa umejaa. "Muulize mtu mwingine."

"Nakuuliza wewe. Wiki ijayo utaulizwa na askari, na yeye hatakuita Tulinagwe."

"Aulize."

"Utafungwa kwa ajili ya jina?"

Mwanamke huyo alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Mzee, mimi nimeshitakiwa uongo. Sijashitakiwa utovu wa adabu. Siwezi kujitoa kwenye la kwanza kwa kuingia la pili."

Luka aliandika maneno hayo yote, kisha akakosea. Aliandika chini yake: *Anamwogopa mlinzi. Kuna mabaya kule juu.* Katika miaka thelathini na moja ya kazi alikuwa ameona wazee wengi wenye makoti ya suti, na hakuwaamini kwa sababu ya makoti.

Alipanda njia kwa mara ya tatu, polepole, akitazama ukingo badala ya changarawe. Hatua mia moja na hamsini chini ya kifaa, upande wa kushoto, mtaro ulikuwa na mawe matatu bapa yaliyopangwa kama ngazi. Nyuma ya mawe kulikuwa na shamba la kahawa, na kati ya mistari ya kahawa ardhi ilikuwa tupu, imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu. Alichutama. Nyayo za kandambili, za miguu mitupu, za viatu vya raba. Ngata ya majani ya ndizi ilikuwa imedondoka, bado mbichi. Akakifuata kijia; kilipanda, kikazunguka nyuma ya mgongo wa kilima, na kilipotokeza tena kwenye njia kilikuwa hatua mia mbili juu ya kifaa. Watu walikuwa wanaacha njia ya changarawe, nzuri, tambarare, wanapita kwenye kahawa na mizigo kichwani, kisha wanarudi njiani.

Alikuwa amerudi kwenye mawe na kuchutama tena aliposikia sauti nyuma yake.

"Mzee, unachungulia nini kwenye kahawa za watu?"

Walikuwa wanawake watano, mmoja nyuma ya mwingine. Aliyesema alibeba beseni la parachichi kichwani na hakuligusa kwa mkono. Jina lake, alilitoa baada ya kuombwa mara mbili, lilikuwa Tukuswiga.

"Nachungulia miguu yenu," Luka alisema.

"Umri huo?"

Walicheka wote. Luka aliwaacha wamalize. Kisha akawaambia yeye ni nani na amekuja kwa ajili ya nani, na kicheko kikakatika.

"Kwa nini hampiti njia ya halmashauri?"

"Tunapita."

"Hapa hampiti. Mlinzi anawasumbua?"

Tukuswiga alishusha beseni. Aliliweka chini, akajinyoosha, na Luka akajua kwamba sasa amekosea mbele ya watu.

"Usilirudie neno hilo. Yule ni mzee wa watu."

"Ni nani wako?"

"Amemzaa mume wangu."

"Na huyu?"

"Mume wake ni mtoto wa mdogo wake. Huyu vilevile. Hawa wawili ni wake wa wana wa binamu yake. Isyenge nzima ni hivyo. Ukiolewa hapa umeolewa na wao." Aliona Luka bado hajaelewa. Akasema polepole, kama anavyosemeshwa mgeni: "Mkwe, mzee. Baba mkwe. Hupiti mbele yake. Humtazami, hulali alipolala, hulitaji jina lake. Ukimwona njiani unaiacha njia. Sasa huyu wetu amewekwa njiani kutwa, tufanye nini? Tunaiacha."

"Mke wangu alimpikia baba yangu chakula na akamwekea mezani," Luka alisema.

"Ninyi wa Tunduma mna malori, kila mtu anapita popote."

Wenzake walicheka tena, lakini kwa upole.

"Tulinagwe je?"

"Ameolewa na kitinda mimba wake."

Luka alifungua ukurasa wa nyuma na kufuta mstari mmoja kwa kalamu, mara mbili, usisomeke.

"Nani alimchagua kuwa mlinzi?"

"Mkutano wa kijiji. Walisema kifaa ni cha thamani, awekwe mtu ambaye hata mwizi atamwonea haya. Wanaume ndio waliosema. Wao wanapita mbele yake vizuri tu."

"Na hakuna aliyemwambia afisa?"

"Aseme nini? Kwamba namwondoa mkwe wangu kwenye kiti alichopewa na kijiji? Nani ataanza?" Tukuswiga alikunja ngata upya, akapandisha beseni. "Wewe huna mkwe hapa. Anza wewe."

Alianza saa kumi jioni, kwenye kibanda cha bati. Hakupewa kiti, kwa kuwa kilikuwa kimoja.

"Mzee Kibona, kifaa hiki kinahesabu nini?"

"Watu wa njia."

"Wote?"

"Ndiyo jicho lenyewe. Linaona njia nzima."

"Linaona hatua mbili. Anayepita hapa mbele yako, huyo tu."

Mzee Asajile aligeuka akalitazama boksi, labda kwa mara ya kwanza kama kitu chenye mipaka. Luka alimweleza yote, kwa mpangilio, bila kupunguza: hamsini na saba chini, kumi na tatu juu, mawe matatu ya mtaroni, kahawa.

"Wakwe zangu wana adabu," mzee alisema. "Hilo unataka niliombee radhi?"

"Nataka usogee. Saa moja tu, kesho asubuhi."

"Nimeahidi hatua tano."

"Uliahidi bila kuambiwa kifaa kinafanyaje kazi."

"Ahadi ni ahadi. Mimi si mtu wa kuhamishwa kama mbuzi kwa kamba. Nilipewa kiti hiki na watu mia nne walionyoosha mikono. Wewe umenyooshewa na nani?"

"Hakuna. Mzee, umeambiwa kwamba Tulinagwe anapelekwa polisi?"

Mzee Asajile aliondoa macho kwenye njia, akamtazama.

"Wanasema ametunga watu. Anajua hao watu wanapita wapi, na angeweza kujiokoa kwa maneno kumi. Nimemuuliza mara mbili. Hakusema, kwa sababu katika hayo maneno kumi wewe umo."

Lori la makaa lilisikika mbali, likibadilisha gia. Mzee Asajile alivua reflekta, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti.

"Kesho saa ngapi?"

"Saa mbili."

Alhamisi saa mbili kiti kilikuwa kitupu. Kijiji kilikuwa kimeambiwa usiku kucha na midomo ambayo Luka hakuhitaji kuifuata. Sebastian alikuja saa mbili na dakika kumi na kukuta wanawake wakipita mbele ya kifaa chake, mizigo kichwani, wengine wakikitazama kwa kiburi kama wanaopigwa picha. Alisimama pale mpaka saa tatu. Alifungua kioo.

"Sitini na mbili."

Luka alishuka, akalinganisha, akapanda tena. Daftari la Tulinagwe lilikuwa na sitini na moja.

"Mmoja amezidi," Sebastian alisema haraka.

"Mbuzi. Alipita saa mbili na nusu, wewe mwenyewe ulimfukuza."

Sebastian alikumbuka. Luka alimpa kalamu. "Saini hapa, kwamba namba ni hizi."

"Mimi sisaini kitu ambacho sikutumwa."

"Sawa." Luka akaandika kwa sauti, neno kwa neno: "Afisa wa mradi alifungua kioo mwenyewe, akasoma sitini na mbili, hakuipinga namba, na alimfukuza mbuzi."

"Mzee, hilo la mbuzi ni la lazima?"

"Saini, na mbuzi ataondoka."

Sebastian alisaini.

Barua kwa kamati iliandikwa nyuma ya nyumba ya Mzee Asajile, juu ya kinu kilichopinduliwa. Ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu. Mzee alisimama upande huu wa ua wa matete, mikono nyuma. Tulinagwe alikuwa upande wa pili, amewapa mgongo. Walitenganishwa na hatua sita na hawakuwa wamewahi kusemezana tangu harusi. Luka alisimama kwenye pengo la ua, mahali ambapo wote wawili wangemsikia, na kila mmoja alisema naye kana kwamba mwingine yuko Mbeya.

"Mwambie jina langu liandikwe," alisema mzee. "Lote. Na la baba yangu."

"Anasema jina lake liandikwe."

"Baba, mwambie iandikwe 'mlinzi'. Inatosha."

"Anasema iandikwe 'mlinzi'."

"Mlinzi ni mtu yeyote. Watasema mlinzi alilala. Mwambie mimi sikulala."

"Mwambie," alisema Tulinagwe, "hawatamcheka mtu wa kwetu kule kamatini, wakati mimi nipo. Nimewakatalia afisa na wewe. Nitamkatalia na yeye."

Luka hakulazimika kurudia hilo. Mzee Asajile alitazama matete, na mdomo wake ukavutika upande mmoja.

"Mwambie amewakatalia vizuri. Lakini jina ni langu, si lake. Yeye haruhusiwi kulitaja. Mimi naruhusiwa kuliandika. Na andika hivi: kiti changu nakiacha kwa hiari. Wamweke kijana asiye na mke wala mtoto, au mgeni wa mbali. Na waandike pia kwamba mashine inunuliwe yenye adabu."

"La mwisho sitaliandika," Luka alisema.

"Liandike."

Aliliandika.

Mzee aliandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa, moja moja, na la baba yake. Luka akakunja karatasi mara moja, ili majina yaingie ndani ya mkunjo na sehemu nyeupe ya chini ibaki nje. Akaipitisha kwenye pengo la ua. Tulinagwe alitazama mkunjo, akaelewa. Akachomoa penseli, akairudisha, akaomba kalamu. Alisaini chini ya mkunjo bila kuufungua, kisha akaandika tarehe na hesabu ya saa ile: sitini na moja.

Bahasha ilikuwa ya kaki. Gundi yake ilikuwa imekauka zamani, kwa hiyo Luka aliifunga kwa ugali wa moto aliopewa na mama mwenye nyumba, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika. Alisukuma baiskeli hadi njia panda. Basi la saa sita lilikuwa limewasha injini.

Konda aliipokea bahasha dirishani, akaigeuza. "Inakwenda halmashauri, masijala. Atapokea nani?"

"Karani. Akupigie mhuri kwenye karatasi hii, urudi nayo kesho."

"Na inatoka kwa nani? Lazima niandike."

"Andika: Asajile Kibona na mkwewe."

Konda aliandika maneno hayo kwenye mstari mmoja kwa kalamu ya wino mzito, akachomeka bahasha juu ya kioo cha dereva, na basi likaondoka.